Kambale Saba, Nyuki Bila

Siku hizi maji ya wiki hupewa nyumba iliyobashiri sawasawa mechi ya Jumamosi, ile ya gemu la kizamani ambalo wachezaji wake wana vichwa vya mraba na hukimbia kama wamebanwa na haja. Kompyuta hujichezea yenyewe. Watu kazi yao kubashiri tu, na kususa hairuhusiwi. Ila ukipatia mara kumi mfululizo, unafuatwa na gari jeupe ukabashirie makao makuu, na hakuna aliyewahi kurudi, hata kuchukua ndala.

Tunu alikuwa ameshapatia mara tisa.

"Leo kosea, mke wangu," alisema Kibwana, akizunguka sebuleni kwa mara ya ishirini. "Mapipa yamejaa mpaka bata wa jirani wanatuonea wivu."

"Keti basi, unanitia kizunguzungu! Nimeandika Kambale saba, Nyuki bila."

Kibwana alicheka mpaka akashika ukuta. Kambale hawakuwa wamefunga hata bao moja msimu mzima.

"Na la saba nimempa kipa wao," Tunu akaongeza.

"Kipa! Hapo umemaliza, mama."

Mpira ukaanza. Kufikia mapumziko Kambale walikuwa wameshafunga matatu. Dakika ya themanini, sita. Kibwana hakuzunguka tena; alisimama dirishani akitazama barabara.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

Kwenye skrini, kipa wa Kambale alikuwa ameuweka mpira chini, akaanza kukimbia nao kwenda mbele.