Jumatano za Mzee Meindert

Tjitske alikuwa bado ameshika sufuria ya supu ya njegere alipoona jina lake kwenye kalenda ya jikoni kwa jirani yake, mzee Meindert. "Tjitske. Matig." Jumatano iliyopita, na ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo. Siku nyingine zote zilikuwa tupu.

Matig. Neno hilohilo ndilo mwalimu alilomwandikia utotoni kwenye ripoti ya hesabu kila muhula: hujafeli, lakini ni bora liende.

"Mwanangu, leo umeweka soseji?" mzee aliuliza kutoka mezani. Alikuwa amenyoa ndevu, kama kila Jumatano.

"Nimeweka."

Uso ulimwaka. Tangu mke wa mzee azikwe, Tjitske alikuwa akimletea supu hiyo, akijiona mwema, kumbe mwenzake anamtolea maksi. Mzee alikula sahani mbili, akasema tamu. Tjitske hakujua atazame wapi.

Jumatano iliyofuata alipiga simu akasema ana mafua. Iliyofuata, mgongo. Baada ya hapo hakupiga tena. Akawa anapitisha baiskeli upande wa pili wa mfereji, maana dirisha la mzee halikuwa na pazia na mzee alikuwa akikaa palepale, anatazama barabara.

"Vipi, wewe na supu yako mmeachana?" mumewe alimtania. Tjitske aliendelea kumenya viazi.

Mwezi ulipokwisha, Baukje, binti wa mzee aliyekuwa akiishi Groningen, alibisha hodi. Hakutaka hata kuvua koti.

"Dada Tjitske, baba amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi mbona huendi tena?"

Tjitske aliikunja aproni yake, akaikunjua. "Niliona kwenye kalenda anavyoiandika supu yangu. Angeniambia tu, Baukje. Ningeacha kumsumbua mapema."

"Supu?" Baukje alisema. "Ile ni ya pombe, dada. Daktari alimwambia aandike siku anazofaulu kunywa kwa kiasi, matig, na nani alikuwa naye siku hiyo. Mwezi huu hajaandika hata siku moja."