Pua ya Kitwana

Mjadala ulifunguliwa rasmi kwa kikohozi. Kitwana, mkaanga kahawa wa mtaa, aliligeuzia jiko mgongo, akawahutubia wateja bila barakoa.

"Niliugua korona mwaka jana, nikapona. Mwili umeshajifunza! Chanjo ya nini tena?"

"Ugonjwa ukirudi je?" akauliza Saburi, fundi cherehani.

"Urudi! Utanikuta."

Nusu ya wateja walipiga makofi, nusu wakasogeza viti nyuma. Ng'ambo ya barabara, binti wa Kitwana, Mwanahawa, alisimama na mtoto wa siku tisa. Babu hakuwa amempakata hata mara moja.

"Chanja kwanza, baba."

"Kinga ninayo, mwanangu. Mlete!"

Mwanahawa akasitasita, kisha akaanza kuvuka. Katikati ya barabara akasimama, akanusa. Wateja nao wakanusa.

"Kitwana, kahawa inaungua," alisema Saburi.

"Thubutu! Miaka thelathini nakaanga kwa pua."

Akageuka. Buni zilikuwa nyeusi tititi, moshi umetanda. Akainama, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, pua ikikaribia kugusa kikaango.

Harufu haikuja. Mwanahawa alikuwa angali pale barabarani, mtoto kifuani. Kitwana akamtazama, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta.