Theluji ya Asumini

Kila Agosti, sikukuu ya somo wao, wanawake wote walioitwa Nieves katika mji ule wa joto walisimama katikati ya kanisa, wakamwagiwa asumini kutoka darini kwa heshima ya jina lao, lenye maana ya theluji. Zamani walisongamana hadi wakakanyagiana sketi, wakicheka. Mwaka huu Bi Nieves alikuwa peke yake.

"Nimwage, bibi?" Eusebio, mtunza kanisa, aliita kutoka juu.

"Ngoja, mwanangu."

Alimwendea mama aliyepakata kichanga cha kike. "Anaitwa nani?"

"Bado tunabishana nyumbani."

"Basi njoo usimame nami. Mimi nimezoea kubanwa."

Asumini zikashuka taratibu. Ua moja likatua kwenye paji la uso wa mtoto. Mama akalitazama ua lile, wala hakulipangusa.