Kaswida za Mwanawe

"Shikamoo mama. Intaneti ya nyumbani hairuhusiwi kuendeshea tovuti," alisema fundi wa kampuni, amesimama mlangoni. "Zima kompyuta, la sivyo tunakata leo."

Mwamvita alifunua kitambaa cha kufuma, akaigusa kompyuta. Ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye homa. Humo ndimo marehemu mwanawe alimohifadhi kaswida zake, ili ndugu wa Kilwa wazisikilize kwa simu. Ikizimwa, siku ya kuwashwa tena itadai neno la siri, ambalo alikwenda nalo kaburini.

Akafungua tovuti kwenye simu yake. Mwanawe akakohoa kidogo, kama kawaida yake, kisha akaanza kuimba.

"Mama, nakusubiri wewe tu," alisema fundi.

"Kata wewe, baba," alisema Mwamvita. "Mie siwezi kumzima."