Korongo Apima Nchi ya Ngiri

Zama wanyama walipokuwa na nchi zao, Korongo alitumwa kuzipima, ili dawa zipelekwe kwanza kwenye dhiki kubwa zaidi. Katika nchi ya mfalme Ngiri aliugawa mtama wote kwa idadi ya wakazi, akaandika: "Kila mmoja ana magunia kumi. Hawana shida."

Mama Kuchakulo, mkazi mmoja wa mashimoni, akamuuliza taratibu, "Mzee Korongo, hayo yangu yako wapi?"

"Ghalani."

"Ghala ni la Ngiri. Mimi nilizaa sita, wamebaki wawili."

Korongo akaona haya. Akaanza upya, shimo kwa shimo, akiuliza idadi ya watoto waliozaliwa na ya walio hai. Nchi ikashuka mkiani mwa orodha, na dawa zikaletwa huko kwanza.

"Umetuaibisha," Ngiri akalalamika.

Korongo akajibu, "Safari hii nimewahesabu na waliokufa."