Hakuna cha Kubadilisha

"Hakuna cha kubadilisha," kompyuta ilimjibu Arafa kwa mara ya sita, na chumba cha pili mdogo wake Sada akapiga ukelele.

"We Arafa, hilo gari liko wapi?" Mama yao, Bi Maulida, alifoka nyuma ya pazia la mlango. "Damu haikatiki huku!"

Liko wapi? Angelijua lilipo, angekaa hapa anatokwa jasho mbele ya kioo cha kompyuta?

Mwaka jana jirani yao Mwanahija alifia njiani, katikati ya mashamba ya mananasi, uchungu umemshika na bajaji iliyomfuata imepotea. Njia za kijiji chao, Kiwangwa ya ndani, hazina majina wala vibao. Mgeni akikosea njia panda moja tu, basi, anatokea kwenye mihogo ya watu. Walipotoka kuzika, Arafa aliapa kwamba halitatokea tena. Akaanza kujifunza kwenye video kujenga mtambo wa simu wa kuelekeza madereva, wiki tano mfululizo, kila akitoka shamba.

Uzuri wa chombo alichojifunza, programu ya kompyuta, ni kwamba hununui mashine wala huvuti waya. Unaandika faili moja: nataka namba ya dharura, nataka mashine ya kuipokea, nataka pa kuhifadhi sauti, hivyo hivyo mpaka kitu cha tisa. Chombo kinasoma ulichoandika, kinatazama kilichopo, kisha kinajenga kilichopungua, hukohuko mbali kwenye kompyuta za watu za kukodi mtandaoni. Mjamzito akituma ujumbe, mtambo unampigia dereva na kumwelekeza kona kwa kona mpaka mlangoni. Sauti ya kuelekeza alirekodi Arafa mwenyewe, akizitembea njia zote kwa miguu: "Ukipita kisima, shika kushoto." Namba yenyewe akaibandika ukutani, juu ya kitanda cha Sada.

Leo asubuhi ndiyo alikuwa akiuwasha mtambo kwa mara ya kwanza. Chombo kikamuuliza, nijenge? Akaandika ndiyo. Hata hajainua kidole, umeme ukakatika, na ile kompyuta yake kuukuu isiyokaa na chaji ikazima palepale. Umeme ulirudi saa tisa alasiri. Kufika saa hiyo, Sada, mimba ya miezi minane, alikwisha kuanza kuvuja damu.

Tangu hapo ni wimbo mmoja. Jenga. Hakuna cha kubadilisha. Jenga basi, nakuomba! Hakuna cha kubadilisha.

Akampigia Rehani, dereva wa bajaji wa pale barabara kuu. Namba inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akapiga mara ya tano, yule mwanamke wa mtandao akamwambia yaleyale kwa adabu ileile.

"Anaongea na nani huyu mwanamume, ya Rabi?" Arafa alisema, na machozi yakamtoka.

Dereva wa pili alikuwa amezima simu. Bodaboda zipo, lakini nani atampakia mtu wa hali ile kwenye mashimo yale?

"Dada," Sada aliita. Sauti ilikuwa imepungua. "Usihangaike. Nimeshatuma ujumbe kwenye ile namba yako. Watakuja."

Arafa akafuta machozi kwa kiganja. Angemwambia nini? Kwamba ile namba ni karatasi tu iliyobandikwa ukutani? Alijiona mwongo, tena mwongo wa kuua ndugu yake.

"Arafa! Anafumba macho!"

Mfa maji haachi kutapatapa. Akakumbuka neno la mwalimu wa kwenye video: ukikwama kabisa, futa vyote uanze upya. Akaandika amri ya kufuta. Chombo hakikukubali mara moja. Kilimuuliza kama ana hakika, maana kikishafuta hakirudishi.

Ndiyo! Kuna nini hapo cha kurudisha?

Mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikasimama. Vimefutwa: tisa.

Arafa akakodoa macho. Tisa? Tisa vya wapi?

Hakuwa na muda wa kuuliza. Akanyakua simu, akampigia Rehani tena. Safari hii iliita, na Rehani akapokea, akaanza kusema hata kabla ya salamu, injini ya bajaji ikinguruma nyuma yake.

"Dada Arafa, mbona umenyamaza ghafla? Ulikuwa unanielekeza vizuri, kisima nimeshakipita. Sasa niko njia panda, nishike ipi?"