Kitasa Kisichofunguka kwa Ndani

"Nani kaandika upuuzi huu?" mzee aliuliza, huku mkamwana wake akimchomoa mwiba wa tatu unyayoni tangu arudishwe nyumbani alfajiri.

"Mimi, baba," mwanawe alijibu.

"Nilijua. Hata karatasi inaona haya."

Mzee alikuwa amekula miaka arobaini katika ufundi wa vitasa. Mwanawe alivichora kiwandani kwa kompyuta, na mikono yake haikuwa na kovu hata moja, jambo ambalo mzee hakuwahi kumsamehe. Mezani palikuwa na kurasa nne: maelezo ya kitasa kipya, vipimo na masharti yake yote, kabla hakijaanza kuundwa.

"Soma sharti la kwanza."

"Kisifunguke kwa ndani bila ufunguo."

"Na skrubu umeziweka wapi?"

"Ndani."

Mzee alicheka kwa pua. "Kijiko cha chai kinatosha, niko nje. Andika: skrubu zote ziwe nje."

Mwana akaandika.

"Bawaba?"

"Za kawaida."

"Pini zake zinachomoka kwa msumari. Ng'ombe angeliona hilo. Zifiche. Na huu ulimi wa kitasa, kadi ya simu tu inausukuma. Uwe wa mraba, uzame vidole viwili ndani ya fremu." Akafunua ukurasa. "Anayefungiwa ni nani? Mfungwa?"

Mwana aliitazama kalamu yake. "Mtu asiyefaa kutoka peke yake."

"Basi ni mfungwa. Yeye ana siku nzima ya kukuwazia, wewe unamwazia saa za kazi tu. Moto ukiwaka je?"

"Moshi ukiingia, kinajifungua chenyewe."

"Afadhali. Punje moja ya akili kwenye gunia la pumba."

Waliendelea hivyo hadi adhuhuri. Kila upenyo ambao mwana aliusahau, mzee aliuona, akautukana, akauziba. Mkamwana alipomwambia apumzike, alijibiwa kwamba mambo ya chuma hayamhusu. Mzee akaagiza chai. Akaambiwa ameshakunywa, vikombe viwili. Akasema nyumba hii imejaa waongo.

Mwishowe alizisukuma zile karatasi kama mtu anayesukuma makombo.

"Sasa ni kitasa. Peleka, useme umebuni wewe. Wajinga wenzako wataamini."

"Ahsante, baba," mwana alisema, bila kuinua macho.

Kitasa cha kwanza kilitoka kiwandani baada ya wiki tatu. Mwana hakumwachia mtu kazi hiyo: alikifunga mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, mkewe akimshikia ubao. Alikosea tundu moja, akajikata kidole, akaendelea. Kisha akazungusha ufunguo, akauchomoa, na wote wawili wakasimama ukumbini.

Upande wa pili wa mlango waliisikia mikono ya mzee ikipapasa chuma, polepole, mahali kwa mahali. Ikatulia. Halafu ikaja sauti yake, yenye heshima ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

"Aliyebuni hiki," mzee alisema, "ni fundi."